Kosa Linalofaa

Wifi yangu hufundisha Kiingereza, lakini usithubutu kusema hivyo mbele yake. Atakukata kauli hapo hapo. "Sifundishi Kiingereza," atasema, "nafundisha watu kuandika Kiingereza cha chuo kikuu." Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, aliwahi kumuuliza tofauti iko wapi, akapewa somo zima mezani mpaka chakula kikapoa. Tangu siku ile yeye na mimi tumejifunza kuitikia kwa kichwa.

Habari hii naisimulia nikiwa bado na hasira, na sina mpango wa kupoa. Anayetaka habari za kubembeleza moyo aende kwa mwingine.

Wanafunzi wa wifi ni wageni. Wanatoka nchi za jirani na nchi za mbali, kote ambako watu husoma kwa lugha nyingine, na wote wamekuja na nia moja, kusomea shahada ya uuguzi. Chuo kikuu hakiwapokei hivi hivi. Kwanza wanapitia mwaka mzima wa matayarisho kwenye chuo anachofanyia kazi wifi, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, kwenye ngazi inayonuka sponji mpya mwaka mzima. Pale wanajifunza kusoma makala za utafiti bila kutokwa machozi, kusikiliza mhadhara na kuandika lililo muhimu, kutaja kila walikookota wazo, na kupanga insha ikasimama. Kuna ambao kwao walikuwa wameshazalisha wanawake kabla hawajapanda basi la kuja huku. Hapa wanakaa kwenye dawati la kitoto na kujifunza namna ya kuanza aya.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu, na wanafunzi wa wifi ndio wateja wangu, maana chuo kinataka kila mmoja awe na sare nyeupe ya kwendea hospitali. Kwa hiyo nawajua wote kwa vipimo. Jioni wifi hukaa kwenye meza yangu ya kukatia, akasukuma vitambaa pembeni bila kuomba ruhusa, akasahihisha insha. Akisoma kitu kizuri anapiga meza mpaka pini zangu zinaruka. Akisoma kitu kibaya anaguna, anachukua chochote kilicho karibu, hata chaki yangu, anaandika neno moja pembeni: futa. Mwanafunzi anafuta, anaanza upya, analeta tena, anaambiwa tena afute. Wenyewe humwita Mama Futa, na yeye anajua, na nadhani anajivunia.

Sasa, katika uuguzi kuna insha moja ambayo sijaisikia katika kazi nyingine yoyote duniani. Mwanafunzi anatakiwa kuandika kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Aeleze lilivyotokea, alivyojisikia, kwa nini lilitokea, na atafanya nini lisitokee tena. Wanaiita insha ya tafakuri, na asiyeiweza hapiti. Wifi aliponieleza mara ya kwanza nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mafundi cherehani tungetakiwa kuandika hivyo, mimi ningekuwa nimefunga karakana kabla ya mwisho wa wiki, na nusu ya wateja wangu wangepata habari za mikono ya kushoto ya nguo zao.

"Cheka tu wifi," aliniambia. "Lakini fikiria umelazwa. Unataka nesi anayesema nimekosea, au nesi anayefunika?"

Nikaacha kucheka. Huyo ndiye wifi yangu, hana mzaha na jambo hilo. Wanafunzi wake wengi wamelelewa shule ambako ukikiri kosa unakula fimbo, kwa hiyo wanakuja wamejifunza kuficha kuliko walivyojifunza hesabu. Yeye kazi yake kubwa, kubwa kuliko Kiingereza chenyewe, ilikuwa kuwakunjua mikono waliyoikunja. Alikuwa na sheria yake: kosa ambalo hulionei haya si kosa, ni mapambo. Ukimletea mapambo anakurudishia.

Katika kundi moja alikuja binti mwembamba, mrefu, kiasi kwamba nilipompima kiuno nilirudia mara ya pili nikidhani tepu imejikunja. Nikamwita Sindano, na jina likamganda. Alikuwa mpole, akisema neno analisema akiwa ameshalipima, na lugha yetu alikuwa ameiokota upesi bwenini na sokoni. Alipata tabu na insha kama wengine, lakini alikuwa na kitu wifi anachokipenda kuliko vyote: akiambiwa futa, alifuta kweli. Hakuwa wa kubadilisha maneno mawili na kurudisha kitu kile kile.

Ili wanafunzi wawe na cha kuandika, chuo huwapeleka hospitali wiki chache kutazama tu. Wanaruhusiwa kuamkia, kuvuta mapazia, kusikiliza. Hawaruhusiwi kumgusa mgonjwa wala kumpa chochote. Na wanatakiwa kuwa na mtu wa kuwaangalia wakati wote, sharti ambalo lipo kwenye karatasi na halijawahi kuonekana wodini.

Siku hiyo Sindano alikuwa peke yake karibu na kitanda cha mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Mzee akamwambia koo limemkauka, amsaidie maji. Sindano akatazama huku na huku, hakumwona mtu, akamimina nusu kikombe, akamnywesha. Mzee akamshukuru, akamwombea mume mwema. Ndipo Sindano alipokunja blanketi lililokuwa limening'inia miguuni, akakiona kibao kilichokuwa chini yake: mgonjwa asile wala asinywe kitu.

Wengine tungefanya nini? Mimi najijua. Ningekirudisha kikombe kabatini na kwenda kusimama kitanda kingine. Yule binti alitoka mbio, kikombe mkononi, mpaka kwa sista wa wodi, akamwambia nimempa mzee maji, nimeona kibao baadaye. Sista akapiga simu chumba cha upasuaji, mzee akasogezwa mwisho wa foleni, akafanyiwa alasiri, akapona, akaenda kwao akilalamikia njaa tu. Sista alimwambia Sindano, "Umefanya la maana kuniambia." Mambo yakaishia hapo.

Yangeishia hapo, kama si wifi yangu na sheria yake.

Sindano aliandika rasimu ya kwanza kuhusu siku aliyosahau kuvaa beji. Wifi alisoma mistari mitatu. Futa. Akamwita hapa nyumbani, akamketisha kwenye kiti changu cha wateja, akamwambia, "Haya ni mapambo. Niandikie lile lililokutoa jasho." Sindano akaikunja ile ya beji, akaitia mfukoni. Kisha akaandika habari ya mzee na kikombe. Aliandika, akafuta, akaandika, na kila rasimu ilikuwa kweli zaidi ya iliyotangulia. Aliandika kwamba alipoona kibao, jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa mzee, lilikuwa yeye mwenyewe: nani ameniona? Aliandika kwamba kutoka kitandani mpaka meza ya sista ndiko kulikuwa kurefu kuliko safari yake yote ya kuja nchi hii. Aliandika kwamba tangu siku hiyo hampi mtu kitu kabla ya kutazama kitanda chote, juu, chini na pembeni.

Wifi aliposoma ile ya mwisho hakupiga meza. Alivua miwani, akasema, "Huyu amekuwa nesi." Akampa alama ambazo hajawahi kumpa mtu. Mimi nilitaka kumwuliza kama ana homa.

Pale chuoni insha iliyopata alama za juu kabisa huwekwa kwenye jalada la mifano ya kuonyesha wakaguzi wa chuo kikuu. Jalada hilo linashikwa na mtu mmoja ambaye cheo chake ni ofisa wa ubora. Sisi nyumbani tunamwita Bwana Ubora. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoelewa, ni kuhakikisha kila kitu kimewekwa sahihi, na anayeweka sahihi ni yeye. Bwana Ubora akaisoma insha ya Sindano kabla ya kuifungia jaladani, akanyanyuka, akaenda nayo moja kwa moja kwa mkuu wa chuo. Kesho yake Sindano akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kosa: kumpa mgonjwa kinywaji kinyume cha sheria. Adhabu iliyopendekezwa: kuondolewa, na jina lake lisipelekwe chuo kikuu.

Naomba msomaji atulie kidogo hapa, aone jambo hili lilivyo. Binti alipolisema kosa kwa mdomo, palepale, kwa mhusika, lilikuwa jambo dogo lililokwisha. Alipoliandika kwa Kiingereza kizuri, kwa amri ya chuo, kwa ajili ya mtihani wa chuo, likawa kesi. Na angeliandika kwa Kiingereza kibovu, Bwana Ubora asingelisoma kabisa. Yaani wifi alimfundisha vizuri mpaka akamponza.

Wifi alirudi siku hiyo mbio. Hakuvua hata viatu. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike," alisema. "Yeye alitaka kuandika beji." Kaka akamwambia atulie, akamwambia mambo ya ofisini huwa yanaisha yenyewe. Wifi akamtazama kwa namna ambayo ndugu yangu akakumbuka ana kazi uani.

Siku ya pili wifi akaenda hospitali kwa sista wa wodi, amwombe barua fupi tu, mistari miwili, kwamba mwanafunzi alitoa taarifa mara moja. Sista ni mtu mzuri. Alimkalisha, akamsikiliza, akamwambia binti huyo ana maadili kuliko manesi kadhaa anaowajua. Wifi akamwambia, "Basi hayo hayo, yaandike."

Sista akacheka kicheko kisicho na furaha. "Mwalimu, kwa mdomo nitasema popote. Kuandika hapana. Nikiandika, wataniuliza kwa nini mwanafunzi alikuwa peke yake, na kwa nini kibao kilikuwa chini ya blanketi. Umeona mwanafunzi wako alichopata kwa kuandika?"

Wifi aliondoka mikono mitupu. Aliniambia hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Sheria za kikao zilimruhusu mwanafunzi kuja na mzazi au mlezi. Sindano hapa hakuwa na mtu. Wifi akanitazama juu ya miwani yake. "Utakuwa shangazi yake," akasema. Nikavaa gauni langu la harusi za watu, tukaenda.

Ofisi ya mkuu wa chuo ina picha kubwa ya wasichana wanaocheka wakiwa na vipimo vya moyo shingoni. Vipimo hivyo, wifi ameniambia, viliazimwa kwa ajili ya picha na kurudishwa siku hiyo hiyo. Chini ya picha kulikuwa na viti viwili vya ngozi, cha Mkuu na cha Bwana Ubora, na chupa mbili za maji. Sisi tulipewa viti vya plastiki. Maji hatukupewa, na kwa kesi yenyewe ilivyokuwa, labda waliogopa.

"Na huyu mama ni nani?" Mkuu aliuliza.

"Shangazi yake," wifi akajibu bila kupepesa.

Mkuu akanitazama mimi, akamtazama Sindano, ambaye kila aliyekuwa mle ndani alijua kwao ni mbali na kwetu. "Shangazi wa upande gani?"

"Upande wa baba," nikasema. "Kuna lingine?"

Akaamua hakuna lingine. Bwana Ubora akaisoma insha kwa sauti, yote, na aliisoma vizuri maana iliandikwa vizuri. Kiingereza changu ni cha kununulia nyuzi, lakini niliielewa, hata pale pa kutoka kitandani mpaka meza ya sista. Mkuu alikuwa akitazama simu yake. Sindano alikuwa ameweka mikono kwenye magoti kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Kama mnavyosikia," Bwana Ubora akasema, akaiweka insha mezani, "anakiri mwenyewe."

"Hakiri, anatafakari," wifi akasema. "Ndicho mtaala unachotaka. Mtaala una sahihi yako."

"Tafakuri ina mipaka, Mwalimu."

"Mipaka hiyo imeandikwa wapi?"

Bwana Ubora akageuza karatasi zake mbele na nyuma. "Ni jambo la busara."

"Alimwambia sista wa wodi papo hapo. Mzee alipona. Hakuna aliyemshika, amejisema mwenyewe mara mbili. Mnamwadhibu kwa lipi, kwa maji au kwa kusema?"

"Kuna maandishi yoyote ya sista?"

Nilimwona wifi anaumeza ule ukweli kuhusu sista, maana angeutoa angemponza na yule naye. Bwana Ubora akaandika kitu kidogo, akaridhika. Hapo roho ikanipanda, nikasahau kwamba mimi ni shangazi wa kukodi.

"Kwa hiyo huyu mtoto angenyamaza," nikasema, "leo angekuwa wapi? Angekuwa darasani. Angekuwa salama. Si ndiyo? Hebu nijibuni, maana mimi sikusoma."

Bwana Ubora akasema, "Mama, msindikizaji hana nafasi ya kuchangia."

"Basi nisindikize jibu."

Wifi akanibonyeza mguu chini ya meza. Mkuu akakohoa. Mkuu si mtu mkatili, na hilo naliandika kwa uchungu, maana angekuwa mkatili ningejua pa kumtupia hasira zangu. Ni mtu anayependa mambo yasiwe mambo. Aliegemea kiti chake cha ngozi, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi.

"Jamani, hakuna anayetaka kumwumiza binti. Tufanye hivi. Insha hii tuichukulie kwamba haikuandikwa. Kikao hiki tukichukulie kwamba hakikufanyika. Binti ataandika insha nyingine, Mwalimu ataisahihisha kama kawaida, na jina litakwenda chuo kikuu pamoja na wenzake. Aandike tu kuhusu kosa linalofaa."

"Kosa linalofaa ni lipi?" wifi akauliza, taratibu sana. Nikiisikia sauti hiyo nyumbani huwa natoka nje.

Bwana Ubora akamsaidia mkubwa wake. "Kosa lisilomhusu mgonjwa."

"Kosa la nesi. Lisilomhusu mgonjwa."

"Kwa mfano kuchelewa. Au kutopanga muda vizuri. Wakaguzi wanapenda sana mambo ya muda."

Wifi alisimama. Nilidhani atawamwagia yote aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa tayari kumshikia mkoba. Lakini Sindano akatangulia kusema, kwa ile sauti yake ya kupima. "Nitaandika."

"Huna lazima ya kuandika uongo," wifi akamwambia, akiwapa mgongo wale wawili. "Tutakata rufaa. Nitakwenda chuo kikuu mwenyewe."

"Mwalimu," Sindano akasema, "nyumbani wameshaanza kuniita nesi. Mama akienda mahali wanampisha kiti, mama wa nesi. Nikirudi leo, narudi kuwa nani? Nitaandika."

Mkuu akasema vizuri sana, binti mwenye akili. Akatufungulia mlango yeye mwenyewe. Ndiyo, alitufungulia mlango kwa heshima zote, na mimi mpaka leo mkono wangu unaniwasha.

Insha ya pili aliiandikia kwenye meza yangu ya kukatia, mchana kweupe, bila kufuta neno. Iliyokuwa inachukua majuma ilimchukua muda wa mimi kuingiza mikono ya magauni mawili. Ilihusu asubuhi moja aliyochelewa kufika wodini. Alijisikia vibaya. Alitafakari. Akanunua saa ya kengele. Wifi alipoipokea aliisoma mara moja, akaisoma tena, akachukua kile kikaratasi chenye masharti ya kusahihisha, akapitisha kalamu kwenye sharti moja moja. Ameeleza tukio, ndiyo. Ameeleza hisia, ndiyo. Amechambua sababu, ametaja vyanzo, ana mpango wa baadaye. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Hata nikitaka kumpunguzia siwezi," akasema. "Kila kitu kipo."

"Si umpe basi, tule?" kaka akasema.

Wifi akampa alama zote. Akaweka sahihi. Akaenda kulala bila kula, na jua lilikuwa bado halijatua.

Insha ya saa ya kengele ndiyo iliyokaa jaladani. Wakaguzi walikuja, wakaisifu, wakasema hivi ndivyo mwanafunzi wa kigeni anavyopaswa kuandika. Bwana Ubora akaitoa nakala, akawagawia kundi lililofuata iwe mfano. Na wale wanafunzi si wajinga, habari ya Sindano ilikuwa imeshapita bwenini kabla hawajafungua mabegi. Muhula ule darasa zima lilichelewa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya kosa jingine hospitalini, wote walichelewa tu, wakajuta, wakanunua saa. Wifi aliwarudishia. Futa. Walimtazama kwa huruma, hivyo ndivyo alivyoniambia, walimtazama kwa huruma kama mtu mzima anavyomtazama mtoto, kisha wakaandika tena kuhusu kuchelewa, kwa Kiingereza bora zaidi.

Alitaka kuacha kazi. Aliandika barua ya kuacha kazi mara kadhaa na kila mara alikuta sentensi ya kusahihisha. Nilimwambia aache, mimi ningemfundisha kushona vifungo. Akasema akiondoka yeye, watamleta mtu wa kuwafundisha kuchelewa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo anakwenda kila asubuhi, anapanda ngazi za magodoro, na jioni anakaa kwenye meza yangu. Meza haipigi tena. Nasahihisha kauli: ameipiga mara moja, kwa ngumi, na haikuwa kwa furaha.

Juzi Sindano alikuja. Sasa yuko chuo kikuu, shahada yenyewe, na anaingia wodini kwa zamu kamili, anatoa dawa na kuchoma sindano watu halisi. Amenenepa kidogo, uso umetulia, sare inambana mabegani. Alitaka niachie mshono. Nilifurahi kumwona, nasema kweli. Nilimsimamisha katikati ya chumba, nikamwambia anyanyue mikono, nikaanza kumpima, na pini zangu mdomoni kama kawaida.

Wifi akaingia kutoka kazini. Akamkumbatia akiwa hivyo hivyo mikono juu, akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. Akamuuliza habari za masomo. Nzuri. Walimu? Wazuri. Wodini vipi?

"Vizuri sana, Mwalimu. Wananisifu. Wamesema mwakani nitakuwa kiongozi wa zamu ya wanafunzi."

"Hongera, mwanangu." Wifi akavuta kiti, akakaa karibu naye, akashusha sauti ingawa tulikuwa watatu tu. "Na makosa? Kila anayeanza anakosea. Hapa hakuna jalada, hakuna Bwana Ubora. Niambie mimi, kwa mdomo tu. Umekosea wapi?"

Sindano akatabasamu. Ni tabasamu zuri, la kwenye picha. "Sijakosea, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tangu siku ile sijawahi kukosea tena."

Wifi alisubiri. Alisubiri kwa namna anavyosubiri rasimu nyingine, mikono mapajani, macho kwa mwanafunzi wake. Sindano alikuwa akitazama ukuta. Tepu yangu ilikuwa imemzunguka kifua na vidole vyangu viko juu yake, na chini ya vidole moyo wa yule binti ulikuwa unakwenda mbio mpaka nikapoteza kipimo. Nikatoa pini mdomoni nimuulize ni mgonjwa gani, nikashindwa.